Anayeshikiwa Baiskeli na Mkewe Kila Alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri, nje ya tanuri la mikate, mwanamume mrefu amesimama kando ya baiskeli yake na hapandi. Kreti mbili za mikate ya moto zimefungwa juu ya keria. Nyuma yake mkewe, fundi cherehani, ameshika kreti kwa mikono miwili.

"Panda basi, mikate inapoa!"

"Umeshika?"

"Nimeshika, baba watoto. Nisiposhika mimi, nani atashika?"

Anapanda. Baiskeli inayumba kushoto, inayumba kulia, kisha inanyooka. Wabeba mikate wenzake wanapiga makofi: "Treni hiyoo!"

Treni ndilo jina alilopewa na wenye maduka, kwa sababu hachelewi. Kwa miaka kumi na tisa amewapelekea mikate pembezoni mwa mji, kilomita hamsini kwenda na kurudi. Maneno anayo, na ukimwachia nafasi atakusimulia habari za kila shimo la barabarani.

Mwaka jana magoti yakaanza kuuma. Alijikaza kisabuni, akajipaka dawa ya kuchua, akasingizia baridi.

"Nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, utadhani mwizi," anasema huku akicheka.

Siku aliyoshindwa kuinuka mezani mbele ya wanawe hakucheka. Alilia. Mwenye tanuri, ambaye si mtu mbaya, alimpa likizo, lakini alimwambia waziwazi kwamba akishindwa kurudi, njia yake atapewa mwingine.

Kwenye zahanati, mama anayetibu viungo alimtaka alete baiskeli uani na kuipanda. Alipomwona amekaa, alishika kiuno. Siti ilikuwa chini kabisa, magoti yanapanda karibu na kifua.

"Hiki ni kiti cha mtoto, kaka yangu," alimwambia. "Kila ukikanyaga pedali unayaumiza magoti."

Wabeba mikate wote wa hapa hushusha siti. Mzigo ukiwa mzito, unataka miguu yote miwili ifike chini ukisimama, la sivyo mikate itamwagika. Aliyempokea kazini alimshushia siti siku ya kwanza, naye hakuigusa tena. Tatizo ni kwamba wenzake ni wafupi, yeye ni mlingoti.

Aliagizwa kupumzika, kufanya mazoezi ya mapaja, kisha kuinua siti.

"Kupumzika niliweza. Mazoezi niliweza. Siti ndiyo iliyonitoa jasho," anasema. "Mtu mzima mimi, mikate ya watu nyuma, miguu inaning'inia! Niliogopa, sikufichi."

Jaribio la kwanza alianguka chali. Ndipo mkewe akajitosa. Kila jioni walikwenda kiwanjani, kreti zimejaa mchanga, mume juu, mke nyuma.

"Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wanangu," anasema mke. "Ila wanangu hawakuwa wabishi hivyo!"

Sasa Treni amerudi kwenye njia yake. Akifika kwenye mlima hushuka na kusukuma, na akisimama huegemeza mguu mmoja kwenye ukingo wa barabara. Magoti yametulia. Wenzake walimcheka wakachoka, na wawili kati yao wameinua siti zao kimyakimya.

Mbele kidogo ya tanuri Treni anasimama na kupunguza sauti.

"Nikwambie ukweli? Siku hizi naweza kupanda peke yangu. Ila usimwambie mama watoto, ataacha kuja."

Mchana, mkewe anapoulizwa kama kazi ya kushika kreti haimchoshi, anacheka mpaka cherehani inasimama.

"Kushika nini? Mbona nilishaachia zamani! Naweka mikono tu, asijue."

Basi kwa nini anaamka alfajiri yote hiyo?

Anaunyoosha mshono kwa kidole kabla ya kujibu.

"Miezi ile alipokuwa nyumbani anauguza magoti, alikuwa anakaa dirishani anawatazama wenzake wakipita. Iliniuma, jamani. Ninachoomba ni kimoja tu: kila siku nimwone akiondoka, mpaka akate kona."