Pikipiki ya Kuwabeba Wazee Wawili

Naikumbuka siku ambayo Mzee Nassoro alinyanyua pindo la kanzu yake, akapanda nyuma ya pikipiki yangu, akaniambia nimpeleke. Wakati ule alikuwa bado hajawa baba mkwe wangu. Wazee wangu walikuwa wamekwisha kupeleka posa kwake Mwabungo na posa ikakubaliwa, nami nikaenda peke yangu kuwasalimia wakwe watarajiwa. Nilikuwa kijana fundi wa mashine za boti kule Shimoni, na pikipiki ile ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Nilikwisha kuwatangazia watu kuwa bibi harusi nitambeba juu yake.

Nadhani maneno hayo yalimfikia mzee. Alinitazama, akaitazama pikipiki, akasema, "Kabla hujambeba mwanangu, nibebe mimi."

Basi nikambeba hadi Msambweni na kumrudisha. Njia nzima nilisikia pumzi zake tu begani. Tuliporudi alishuka pole pole, akajishika kiuno, akasimama kwanza hivyo hivyo. Mimi nikingoja kusifiwa.

"Umeendesha vizuri," akasema. "Lakini ujue jambo moja. Mwenye usukani huliona shimo. Aliye nyuma huletewa tu."

Nikambusu mkono. Maneno yake nikayaweka pamoja na maneno mengine ya wazee, yale ambayo kijana huyapokea kwa mikono miwili kisha asijue ayatie wapi. Binti yake, Mwanakombo, nikamwoa, naye akakaa nyuma yangu umri mzima. Baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Mwanangu, nakuita hivyo japo si mimi niliyekuzaa, ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wewe bado uko ndani ya moshi huo na macho hayajaanza kukuwasha. Mimi nilijua kwamba ujana wangu umekwenda siku moja baada ya sala ya Ijumaa hapa Milalani. Nilirusha mguu kupanda pikipiki yangu ya kiti cha juu, kama nilivyofanya siku zote, na mguu haukuvuka. Ukagota kwenye kiti. Pikipiki ikainama, nikainama nayo, tukalala wote wawili mchangani mbele ya jamaa waliokuwa wanatoka msikitini. Watu wakaja mbio, pole, pole, wakaniinua na kunipangusa. Nikacheka nao. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, mikono ilikuwa inatetemeka juu ya usukani, na sikuwa nimeumia popote.

Mwanakombo sikumwambia. Hakukuwa na haja, maana simu zilikwisha kufika kabla yangu. Aliniletea maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo hofu ikaingia, ikajikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Kwenda peke yangu nilikuwa naweza kuivumilia. Tatizo ni pale mwenzangu alipokuwa akipanda nyuma. Mgongo wake ulikwisha kuharibika kwa miaka ya kuinama shambani, na kliniki ya mazoezi iko Ukunda. Kila tuta likitokea mbele, nilikuwa najiuliza: tukianguka leo, mifupa ya huyu itaungwa na nani?

Binti yetu Rehema, aliye Mombasa, alipiga simu akatuomba tuachane na pikipiki, tupande tuktuk kama wazee wenzetu. Hakukosea, na nilimwambia hivyo. Lakini tuktuk haziingii kwetu. Njia yetu ya kwenye mikorosho ni mchanga mtupu, na kuitembea hadi barabarani ndiko hasa kunakomwua mamake mgongo. Vijana wa bodaboda hufika, ni watoto wazuri, ila humbeba kama gunia la mahindi.

Nikaona nitafute pikipiki nyingine, inayotufaa kwa umri huu. Jamaa mmoja wa barazani akanitajia hizi wanazoziita kruza, ambazo viti vyake viko chini, usukani unakufuata kifuani, na miguu unainyoosha mbele kama uliyekaa kibarazani kwako. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa kijana ni kweli. Mzee asipochagua jembe, jembe litamchagua yeye.

Tukaenda Ukunda mimi na Mwanakombo. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, Brayo, mwenye adabu na maneno mengi. Alimpa mke wangu kiti cha plastiki karibu na mlango, mimi akanipeleka moja kwa moja kwenye pikipiki kubwa nyeusi inayong'aa kila upande.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu," akasema. "Ukiikalia hii, utasahau umri."

Nikaikalia. Mwanangu, nisikufiche, ilikuwa tamu. Kiti kama kochi, miguu ikakanyaga chini bila kujinyoosha, na kwenye kioo chake niliona uso ambao sikuwa nimeuona siku nyingi. Kisha Brayo akaniambia niisukume kinyumenyume nje ya safu yake. Nikasukuma. Haikutikisika. Sakafu ilikuwa na mteremko mdogo tu, lakini uzito wa kile chuma ulinijia wote mapajani, jasho likanitoka, nayo ikaanza kuniinamia. Brayo akaidaka haraka, akisema pikipiki kama hii haisukumwi, injini ndiyo inayofanya kila kitu.

Nikamtazama mke wangu. Nilitamani aseme "hii" au "siyo hii", ili mzigo wa kuchagua uniondoke. Yeye akawa ananitazama tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yake. Nikamwomba Brayo akae mbele yeye, mimi anibebe nyuma. Alishangaa, lakini mteja ni mteja. Akanichukua barabara ya Kona ya Musa. Lo, mwanangu. Lile kochi lilikuwa la mwenye usukani peke yake. Mimi nilikalishwa juu ya kipande chembamba kama kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamenipanda kifuani, na tuta la kwanza lilinirusha nikamkumbatia yule kijana kiunoni mbele za watu. Tuta la pili nilifumba macho. Brayo alikuwa anaendesha vizuri, tena anaimba. Matuta alikuwa anayaona yeye. Mimi nilikuwa naletewa.

Tuliporudi, nilishuka nikajishika kiuno. Nikaenda pale kwenye kiti cha plastiki, nikauliza kwa sauti ya chini:

"Miaka yote hii, ulikuwa unaumia kule nyuma?"

Mwanakombo alijifunga leso yake vizuri kabla ya kujibu. "Nikiumia nilikuwa nakushika zaidi. Ukadhani ni mapenzi."

Nikampa mkono ainuke.

"Na mapenzi pia yalikuwemo," akaongeza, akainuka.

Akapita yeye mwenyewe katikati ya pikipiki zile, mkono mgongoni, akawa anakaa viti vya nyuma kimoja kimoja. Aliachana na zote zilizokuwa zinang'aa. Kwenye pembe palikuwa na moja ndogo, ya rangi ya udongo, ya chini na nyepesi. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kirefu na kipana, kina egemeo la chuma lililovikwa sponji, na vikanyagio vyake havikumkunja magoti. Akakaa, akaegemea. Kisha akaniita nikajaribu mbele. Niliisukuma mbele, nikairudisha nyuma, nikaiinamisha kushoto na kulia nikaisimamisha tena, peke yangu. Brayo mwanzo alinywea kidogo, kisha akaleta spana mwenyewe, akausogeza usukani karibu nami hadi mabega yangu yakapumzika. Hiyo ndiyo tuliyoinunua.

Haikupita miezi mingi, siku moja tukawa tunarudi kutoka kliniki. Tulipokwisha kuipita Mwabungo, mbuzi wakachomoka kichakani mbele ya gurudumu langu. Nikakamata breki, pikipiki ikatikisika, ikasimama. Miguu yangu yote miwili ilikuwa juu ya lami, imara. Nyuma yetu matatu ikapiga honi, ikatuzunguka, ikaenda zake. Mkono wa Mwanakombo ulikuwa tumboni mwangu, nami nikausikia mpigo wa moyo bila kujua ni wa nani kati yetu. Tukangoja hapo hadi mbuzi wote wakavuka.

"Twende," akasema. "Lakini pole pole."

Sitakudanganya kwamba hofu imenitoka. Asubuhi nikiitia ufunguo bado huja. Lakini sasa tunakwenda watatu, mimi, mke wangu na hofu yenyewe, nayo tumeipa kazi ya kutuangalizia njia. Yule jamaa wa barazani aliponiuliza nitaacha lini, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu hivi: siku utakayosikia kule nyuma kwamba mkono wangu haunitii tena, niambie "basi", nami nitakupa ufunguo.

"Na ukibisha?" akauliza.

"Nitabisha. Lakini nyoosha mkono hivyo hivyo."

Tukakubaliana hivyo. Watoto wetu hawajui, wala daktari. Kuna safari nyingine tukifika nyumbani anakawia kushuka, nami huganda pale mbele nisigeuke, nikisikiliza kama leo atalisema lile neno.

Basi mwanangu, shika haya. Ukinunua chombo, kipime kwa mwili ulio nao leo, maana ule wa jana hautakuja kukusaidia kukiinua. Kisukume mwenyewe kabla hujakipenda. Kikalie kikiwa kimesimama, kwa kuwa watu huanguka zaidi wakisimama kuliko wakienda. Kama kuna mtu utakayembeba, mtangulize yeye kukaa, na wewe ukakae mahali pake japo safari moja. Haya si ya pikipiki tu. Hata nyumba ina wa mbele na wa nyuma. Hofu usiionee haya, ila usiiachie usukani. Na uchague mapema, ungali na akili timamu, mtu utakayemsikia atakapokwambia imetosha.

Mola akulinde barabarani, uendako na urudiko. Akuzeeshe kwa afya, akupe mwenzako wa kukaa nyuma yako asiyekuficha ukweli, na siku ya kushuka itakapofika, akushushe pole pole, miguu yako yote miwili ikiwa chini. Amina.