Wakaidi wa Uingereza katika Darasa la Amu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, kitabu kimoja cha Historia na wasichana wa kidato cha tatu. Nilikuwa binti wa mtaa wa Wiyoni niliyetoka chuo cha ualimu huko bara, nikarudi kufundisha sekondari ya wasichana hapa hapa kwetu Amu, ambako ramani huita Lamu. Nilitarajia kupewa historia ya pwani yetu. Badala yake akanifungulia sura ya Bunge la Uingereza. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa makosa, na akaniambia, "Bi Rukia, fundisha Bunge lao. Fitina zao waachie wenyewe."

Nilikaa na kitabu hicho tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, na nikaona kwamba fitina ndizo zilizolijenga Bunge lenyewe. Sikujua kwamba nimepata kazi ya maisha yangu.

Nyinyi walimu vijana mnaandaa kila kitu kwenye simu. Sisi tulikuwa na maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, karatasi ya kila kipindi inayoonyesha utakachoeleza na utakachouliza. Maandalio yangu yalijaa watu wasiokubali. Kulikuwa na mafundi viatu waliokataa kusali katika kanisa la mfalme, na wafumaji waliohubiri bila kibali wakatupwa gerezani. Kulikuwa na askari wa kawaida waliokaa kanisani kubishana na majenerali wao, wakidai kwamba hata maskini asiye na shamba apige kura. Na kulikuwa na wanawake waliopeleka ombi Bungeni wakaambiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo.

Nilipofika hapo, darasa lilichemka. Wakataka kujua kama wanawake wale walirudi nyumbani. Nikawaambia walirudi Bungeni.

Somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa la kofia. Walikuwako Waingereza waliokataa kumvulia hakimu kofia. Wasichana wangu hawakuelewa, kwa sababu kwetu mtu huvaa kofia kwa heshima. Basi nikaazima kofia ya kaka yangu, nikamvisha msichana mmoja, nikamfanya mwingine hakimu. Vicheko vilifika mpaka chumba cha walimu, na Ustadhi Athmani, mwalimu wetu wa dini, akaja kusimama dirishani. Nilidhani atanikemea kwa kuwafundisha watoto wa Kiislamu ugomvi wa makanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watu wale hawakuvua kofia kabisa. Nikamjibu kwamba walivua wakati wa kumwomba Mungu, si mbele ya mtu.

"Hao ni watu wa kukaa nao barazani," akasema, na tangu siku hiyo akawa anakuja kila alipokuwa hana kipindi, ananibishia mbele ya wanafunzi, nami namjibu.

Mwalimu Mkuu wa pili alikuwa wa namna nyingine. Alipenda viatu ving'arishwe na mistari inyooke. Enzi zile zilikuwa za chama kimoja, na mtu alipima maneno hata akinunua mkate. Siku moja akamleta Mkaguzi wa Shule, afisa mwenye kazi ya kukaa nyuma ya darasa akiandika makosa ya mwalimu. Nilikuwa nafundisha kesi ya mfalme mmoja wa Uingereza, aliyeshtakiwa kwa kuwapiga vita raia wake. Kipindi kilipokwisha, Mkaguzi akaniuliza taratibu ni nani aliyemhukumu mfalme huyo kufa. Nikamwambia ni mahakama iliyoundwa na Bunge lake mwenyewe.

"Na wewe unaona sawa kuwaambia watoto jambo hilo?"

Nikasema lilitokea, na limo kitabuni. Akaandika kitu daftarini mwake. Kabla muhula haujaisha nilipewa uhamisho wa kwenda shule moja upande wa Kiunga, mbali kaskazini, nikafundishe watoto wadogo hesabu. Kidato cha nne changu kilikuwa kinaukaribia mtihani, na hakuna mwalimu aliyewekwa mahali pangu. Nililia ndani ya mashua, nikajifunika buibui uso mzima ili nahodha asinione.

Watu wa Kiunga walinipokea vizuri. Lakini kila nilipoandika hesabu ubaoni, nilikuwa nawawaza wasichana wale. Ndipo siku moja adhuhuri nikamwona Ustadhi Athmani anapanda kutoka ufukweni, kanzu imelowa mpaka magotini. Alikuwa amesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya habari moja, na hakukubali hata maji kabla ya kuitoa.

"Bi Rukia," akasema kwa Kiamu chetu, kinachoiita nchi nti, "nti imetikisika kule Amu, na hakuna aliyepaza sauti."

Akanisimulia. Mwalimu Mkuu alikuwa ameamuru kipindi cha Historia kitumike kufagia uwanja. Wasichana hawakufagia. Waliingia darasani, wakafungua vitabu, wakakaa kimya. Kipindi cha Historia kilichofuata wakafanya vivyo hivyo. Nilijua mara moja walikolitoa jambo hilo. Nilikuwa nimewafundisha kwamba kulikuwa na dhehebu la Waingereza waliosali kwa kukaa kimya, na serikali ilipowafunga wazazi wote, watoto waliendelea kukutana peke yao. Watoto hao walichapwa, na bado wakaja.

Mwalimu Mkuu alikwenda darasani na fimbo. Akauliza wanafanya nini. Aliyejibu ni Mwanaisha, msichana wa Siyu ambaye kabla ya hapo nilikuwa namwomba aongeze sauti.

"Tuko katika kipindi cha Historia, Mwalimu."

"Mwalimu wa Historia hayupo."

"Somo lipo," akasema Mwanaisha.

Ustadhi aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Aliniambia Mwalimu Mkuu aliitazama fimbo kama kitu alichookota ndiani, kwenye njia ya watu, kisha akatoka. Habari ikafika majumbani. Wazazi, ambao wangeudhika sana kama kungekuwa na kelele na mawe, hawakuona cha kumlaumu mtoto aliyekaa kitako anasoma. Halmashauri ya shule ikakutana, baba zao wakasema, na mama zao wakasema zaidi.

Nilirudishwa kabla ya mtihani. Nilipoingia darasani hakuna aliyeshangilia. Walisimama, wakanisalimu, wakaketi, na Mwanaisha akaniuliza tuliishia wapi. Niliwageuzia mgongo, nikaandika ubaoni mahali tulipoishia.

Nilifundisha chini ya wakuu wengi baada ya hapo. Chama kimoja kikaondoka, vyama vingi vikaja, na somo langu halikumtisha mtu tena. Wanafunzi waliniuliza swali lile lile kila mwaka, kama wakaidi wale walishinda. Wengi hawakushinda. Askari waliodai kura walikufa bila kuipata, na wahubiri wengine waliugulia gerezani. Lakini mimi, nikiwataja, hujisikia kama nimepokea habari zao asubuhi hii.

Kipindi changu cha mwisho kabla ya kustaafu kilikuwa juu ya kesi ya mfalme. Nilieleza kwa mbwembwe zote za miaka yangu. Nilipomaliza, msichana mmoja mgeni, aliyehamia kutoka Kizingitini, akanyanyua mkono. Akasema mfalme aliuliza mahakama ile imepata wapi mamlaka ya kumhukumu, na hawakumjibu, wakamnyamazisha.

"Basi siku ile, Mwalimu, mkaidi alikuwa mfalme."

Nilifungua kinywa nimjibu. Nikatafuta hoja, nikaijaribu moja, akaivunja. Nikajaribu ya pili, darasa zima likaivunja. Kengele ikalia katikati ya mabishano, na nikatembea mpaka Wiyoni nikicheka peke yangu.