Mirdil Kali

Kila bunduki iliyotoka katika karakana ya marehemu Mirdil, pale Darra, mji wa mafundi wa bunduki, ilipigwa muhuri wa jina lake. Wenzake waligonga majina ya viwanda vya ng'ambo juu ya kazi ya mikono yao. Yeye alisema mwanamume hajiiti kwa jina la baba wa mwenzake. Alipofariki, mkewe Zarghuna, aliyesoma hadi chuo huko Peshawar, aliufungia muhuri sandukuni, ufunguo akautundika shingoni.

Asubuhi moja shemeji yake, Sherdad, ambaye sasa ndiye fundi wa karakana, alikuja kuuomba.

"Shemeji, lete muhuri. Haji Wazirgul yuko dukani anakunywa chai."

"Lile tundu umelipunguza?"

Sherdad akatazama viatu vyake. Zarghuna akaguna.

Tundu lenyewe ni dogo, liko juu ya mtutu. Risasi ikipita, gesi kidogo hupenya hapo, husukuma mtambo nyuma, ganda likatoka na risasi nyingine ikaingia. Mirdil alikuwa akililinganisha kwa subira: anapiga, anasikiliza, anachonga tena. Sherdad huchukua keekee akalipanua kwa mkupuo mmoja, maana bunduki yenye gesi nyingi haikwami mbele ya mnunuzi. Ila mtambo hurudi kwa kishindo, bega hupigwa teke, na haupiti muda chuma cha nyuma hupasuka.

"Ile ya juzi ilirudi na ufa," Zarghuna alisema. "Jina la nani lilikuwa juu yake? Lako?"

"Wateja ndio wanataka hivyo! Isipowasukuma wanasema haina nguvu."

"Nguvu gani hiyo ya kukupiga wewe mwenyewe? Risasi inakwenda kule, wewe unaumia huku, halafu unashukuru!"

Mlio ukapasuka nje. Haji alikuwa amechoka kungoja, ameijaribu mwenyewe hewani bunduki aliyokuja kuinunua, kama ilivyo desturi ya soko lile. Zarghuna akajitanda shela, akaenda kusimama nyuma ya pazia la duka.

"Mashallah!" Haji alikuwa akisugua bega. "Nusura initupe juu ya birika! Hii ndiyo bunduki."

"Haji, hiyo ni mbovu," Zarghuna akasema. "Gesi imezidi. Iache irekebishwe."

"Binti yangu, wewe rekebisha mchuzi. Bunduki tuachie sisi."

"Basi haitapigwa muhuri."

"Kwani muhuri unalenga shabaha?"

Akaondoka nayo. Zarghuna akashusha pumzi. Walau jina limepona.

Kabla ya Ijumaa wakaja wanaume watatu. "Tunataka kama ya Haji," wakamwambia Sherdad. "Ile isiyo na muhuri. Sokoni wanaiita Mirdil Kali."

Nyuma ya pazia, Zarghuna aliyasikia yote. Mumewe alijenga jina hilo maisha yake yote, na bega moja lililovimba limeligeuza kuwa jina la mashine mbovu!

"Sherdad! Keekee yako ilete ndani. Kuanzia leo ukitaka kutoboa, utakuja kuniomba."

"Shemeji, watu wanasikia!"

"Wasikie."

"Na hawa wanaotaka inayopiga teke?"

"Wakanunue punda."

Mmoja akacheka. Wenzake wawili wakavuka barabara kwenda duka la jirani.

"Kisha nenda kwa Haji. Mwambie tunampa nyingine, ile airudishe."

"Hatakubali, anaipenda."

"Basi kesho utakwenda tena," Zarghuna akasema, akanyoosha mkono nje ya pazia kuipokea keekee.