Chania ya Mama

Sisi tuliokulia Fridley, Marekani, miaka ya tisini tunajua kwamba safari haikuanzia uwanja wa ndege. Ilianzia maktaba. Kila Jumamosi Mama alitupeleka mimi, Wambui, na mdogo wangu Karanja, buti zimejaa theluji, nguo zinanukia chapati za asubuhi. Sisi tukigombania vitabu vya picha, yeye alikuwa kwenye rafu ya safari. Huko ndiko alikokuta, Januari moja, jina lililomchekesha peke yake mpaka mkutubi akageuka: Chania.

Mama alizaliwa Thika, karibu na mto Chania. Alichota maji yake, akaogelea humo kwa siri, akachapwa kwa hilo. Kumbe kuna Chania nyingine, mji wa bandari kwenye kisiwa cha Krete, Ugiriki, bahari ya Mediterania! Kiangazi cha mwaka huo tulikuwa tunakwenda Kenya kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Minnesota, na Mama akaamua tupitie huko, siku mbili tu.

Baba hakutaka kusikia. "Watu wanatungoja nyumbani, wewe unataka kisiwa? Unamjua nani huko?"

"Simjui mtu, Baba Wambui. Nataka tu kuona."

Hata kanisani kina mama walimshangaa. Mtu anayeogesha wazee kwenye makao yao kule Golden Valley siku sita kwa wiki, halafu likizo yenyewe aende kutazama mji wa watu! Mama alitabasamu, akaendelea.

Na alivyopanga! Aliazima kitabu kile mpaka mkutubi akaacha kumwuliza jina. Alichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika kwenye friji. Alimwandikia mwenye nyumba ya wageni barua kwa mkono, na jibu lilipokuja alilisoma akiwa bado na koti. Mimi na Karanja tuliujenga mji mzima kwenye zulia la sebuleni: maboksi ya nafaka yakawa nyumba, kasha la viatu likawa soko, blanketi la buluu likawa bandari. Karanja alijibu kila kitu kwa Kiingereza. "Kwenye mji wangu tunaongea Kiswahili," Mama akamwambia.

Jioni moja Baba alirudi kutoka kazini, akasimama na soksi zake kando ya zulia, akauliza taratibu, "Kwa hiyo kutoka sokoni mtu anafikaje bandarini?" Mama hakuinua kichwa, lakini nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Ikabaki viza. Kwa pasipoti zetu za Kenya ilibidi twende ubalozi mdogo wa Ugiriki, Chicago. Baba aliendesha gari tangu alfajiri. Afisa alipekua karatasi zetu, akauliza lile lile la Baba: mnamjua nani huko? Mama akasema hatuna mtu.

"Basi siku mbili mtafanya nini?"

Mama akamweleza. Tutaanzia sokoni asubuhi, kungali na ubaridi. Tukitoka tutashika mtaa wa mafundi ngozi, tuteremke mpaka bandarini, kisha tuufuate ukuta hadi kwenye mnara wa taa.

Afisa akaweka kalamu chini. "Ulikuwa huko lini?"

"Sijawahi kufika."

Akamwita mwenzake wa chumba cha ndani, mwanamke mwenye mvi, mzaliwa wa mji huo. Mama akaanza upya. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimlengalenga, akasahihisha neno moja tu: wenyewe hutamka Hania. Mama akalirudia mara tatu kama mwanafunzi. Tukagongewa muhuri, wote wanne.

Tulifika. Mama alitutangulia kwenye vichochoro vile bila kufungua ramani, na Baba, mtu asiyependa kuongozwa, akamfuata na mabegi yote mawili, akimwambia kila muuza duka, "Huyu ni mke wangu."

Majuzi binti yangu alipanga safari yake ya siku mbili kisiwani akiwa kitandani, kwenye simu, kabla chai yangu haijapoa. Alikwenda, akarudi na picha mia nne, na majina ya mitaa hakumbuki hata moja. Simlaumu, alifurahi. Ila siku zake mbili zilikuwa mbili. Zetu zilianza Januari.