Udongo wa Zizi la Bibi Bhoke

Nilipokuwa mtoto, niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu ameolewa na bibi yangu, na wale ambao wazazi wao walitoka mikoa mingine kufuata dhahabu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Watoto wa Kikurya hawakucheka. Walishangaa tu kwamba kuna mtu anayeona hilo ni jambo la kuchekesha. Mimi nikabaki katikati, sijui nicheke au nigombane, na nadhani tangu siku ile sijatoka hapo katikati.

Bibi Bhoke alifiwa na mumewe angali binti kabisa. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi shemeji zake wakaja kugawana ng'ombe kabla hata matanga hayajaisha. Alisimama na panga mlangoni pa zizi, akawauliza ni nani kati yao anataka kuanza. Hakuna aliyetaka. Baadaye akawaswaga ng'ombe mchana kweupe hadi kwa wajomba zake upande wa Kenya, akakaa huko mpaka maneno yalipopoa, ndipo akarudi nao kijijini kwetu Nyanungu, na ndama juu. Alipita ukame, alipita wezi wa mifugo, alipita ugonjwa wa midomo na kwato. Uzee ulipoanza kumnyemelea na zizi halina mrithi, akatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote anavyotoa, akamwoa mama yangu, Robi, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, ili watoto watakaozaliwa wawe wa mji wake. Nikazaliwa mimi, msichana, na baada yangu hakuja mwingine. Mwanamume aliyenizaa hatajwi, na kusema kweli sijawahi kumtafuta.

Pale mlangoni pa zizi palikuwa na jiwe bapa. Yeyote aliyeingia zizini, wakati wa kutoka alijifuta miguu juu ya lile jiwe mpaka aonekane safi. Samadi kwenda kwenye shamba letu ilikuwa ruhusa, kwa sababu shamba lilikuwa ndani ya uzio wa minyaa. Kuvuka uzio, hapana.

"Udongo wa zizi hautoki hapa," Bibi alikuwa akisema. "Ukitoka, ng'ombe wanaufuata. Na wakishaufuata hawarudi."

Bwana mifugo alijifuta mabuti yake huku akinung'unika. Mchungaji wetu, aliyekuwa akihubiri kila mara dhidi ya mambo ya mila, siku moja alikuja kuombea ng'ombe mgonjwa, akamaliza amina, akasimama kwenye jiwe akasugua viatu vyake vyeusi kama mtu aliyekanyaga uchafu. Bibi mwenyewe alikuwa anakaa benchi la mbele kanisani. Ukimuuliza mambo haya mawili yanakaaje pamoja, alikujibu, "Kwani yamegombana?"

Ndipo dhahabu ikatufikia. Tulikuwa tunaisikia tu, mara iko upande huu, mara imetoka upande ule, kisha ghafla vilima vya jirani vikajaa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na kijito tulichokuwa tunanyweshea ng'ombe kikawa na mwalo, mahali pa kusafishia mchanga. Wakaja watu wa kila namna. Mmoja wao alikuwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyepanga chumba kwa jirani na kununua maziwa kwetu kila asubuhi. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kitu ambacho vijana wetu walikuwa wameanza kusahau. Bibi alimpenda kwa hilo. Mama naye alimpenda, ila si kwa hilo.

Sikuwa mjinga. Niliona mama akipaka mafuta miguuni kabla ya kwenda kumpimia maziwa. Niliona pia kwamba alikuwa anacheka, na mimi sikuwa nimezoea kumsikia mama akicheka. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja.

Siku moja Masanja alisimama nje ya zizi, akatazama chini kwa muda mrefu, akasema mwamba wenye dhahabu unapita papo hapo. "Bibi, unalalia utajiri. Nipe karai moja tu ya udongo nikaujaribu."

"Utajiri wangu una pembe," Bibi akamjibu. "Chukua maziwa yako, mura, uende salama."

Aliongea akicheka, lakini macho yake hayakuwa kwa Masanja, yalikuwa kwa mama. Akarudia maneno yake yale yale, polepole, kwamba udongo ukitoka ng'ombe wanaufuata na hawarudi. Nikadhani anaongelea ng'ombe. Nilikuwa mtoto, ningedhani nini kingine?

Jumapili iliyofuata mama alisema kichwa kinamuuma. Tulikwenda kanisani mimi na Bibi. Tuliporudi, mama hayupo, na kwenye kona ya zizi udongo ulikuwa umechotwa, pamebaki shimo lenye alama za jembe. Kwenye jiwe hapakuwa na tope lolote jipya. Aliyechota alikuwa ametoka bila kujifuta miguu.

Bibi alikaa kwenye kigoda, akavua viatu vya kanisani, akavipanga vizuri. Mimi nililia, na sikujua ninalilia nini hasa. Hata hatujapika, akaja Chacha, kijana aliyekuwa akituchungia, jasho linamtiririka.

"Bibi, ng'ombe wamenishinda! Wameteremkia mwaloni na hawataki kutoka. Nimewapiga mpaka fimbo imevunjika."

Tukaenda. Nilimshika Bibi mkono njia nzima. Mwaloni tukakuta kelele tupu. Ng'ombe wetu walikuwa wamezunguka rundo la udongo mweusi, wanaunusa, wanaulamba, wanalia ule mlio wa chini wanaolia wakikuta damu ya mwenzao. Mbele yao alikuwa Mzungu, ng'ombe mzee mweupe aliyekuwa akiongoza kundi, kwato zimezama kwenye tope. Wachimbaji walikuwa wakiwapiga kwa makoleo na kupiga kelele kwamba ng'ombe wamefukuza dhahabu. Maana nao walikuwa na yao: dhahabu, walisema, inakimbia ikisikia makelele, inakimbia mtu akigomba, inakimbia ikiitwa jina. Masanja alikuwa amechuchumaa anazungusha karai lake, na ndani ya karai hamkuwa na kitu ila maji machafu.

"Imekimbia," akasema kwa masikitiko. "Bibi, ng'ombe wako wameifukuza."

Na kando yake, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mama yangu. Amevaa gauni lake la sikukuu. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa safari, haukufungwa vizuri, na mimi nikauchungulia haraka kabla ya kitu kingine chochote. Niliona kanga zake. Niliona sufuria ndogo. Nguo yangu hata moja sikuiona. Nimezeeka kiasi sasa, nina watoto wangu, lakini nikikumbuka ule mfuko bado moyo unaniuma vile vile.

"Robi," Bibi akasema, "maji haya yana dawa za hawa wachimbaji. Ng'ombe wakiyanywa tumekwisha."

"Mama, mimi naenda," mama akajibu bila kumtazama.

"Nimeona. Nenda. Sitakufunga kamba kama ndama. Lakini udongo wangu naurudisha."

Nilitamani apige kelele. Nilitamani amshike mama nguo, amwambie kuhusu ng'ombe aliotoa, amtishie na wazee, afanye chochote. Wapi! Alivua kanga yake ya begani, akaitandika chini, akapiga magoti na ile sketi ya kanisani, akaanza kuzoa lile tope kwa mikono. Wachimbaji wakashusha makoleo. Nikapiga magoti nami nikamsaidia. Tulipojaza, akafunga kanga, akajaribu kuunyanyua mzigo kichwani. Ukamshinda. Akajaribu tena, akayumba, maji ya tope yakamchirizika usoni mpaka mdomoni. Akajaribu tena.

Mama alikuwa akitazama mahali pengine. Kisha akasonya. Nausikia msonyo ule mpaka leo. Akanyanyuka, akaja, akamnyang'anya mzigo.

"Utavunjika kiuno bure, mama," akasema kwa hasira, machozi yakimtoka. "Mzee gani wewe usiyesikia!"

Akajitwika. Akaanza kupanda kilima, akiwa na gauni lake la sikukuu, tope likimtiririkia mgongoni. Mzungu akainua kichwa, akanusa hewa, akageuka akamfuata. Ng'ombe wote wakamfuata Mzungu. Bibi akafuata ng'ombe, nami nikafuata Bibi, nikiburuta ule mfuko wa safari kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuubeba. Masanja alibaki na karai lake. Sikuwahi kumwona tena, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya.

Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ng'ombe waliufuata udongo, sawa, kama Bibi alivyosema. Bwana mifugo alituambia baadaye kwamba ni chumvi ya mkojo iliyomo kwenye udongo, ng'ombe wanaisikia mbali, si uchawi. Sawa pia. Lakini Bibi alisema hawatarudi, na walirudi, tena nyuma ya mtu yule yule aliyekuwa anaondoka. Halafu kuna hili. Wiki ile ile nilimwona Bibi Bhoke akishusha gunia la mahindi kutoka kwenye mkokoteni, akalitupa begani, akaliingiza ndani bila kupumzika. Nilisimama nikamtazama. Akanikonyeza, akaenda zake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alizikwa kando ya zizi, mchungaji akasoma, wazee wakafanya yao, na kama kawaida yake hakuna kilichogombana. Mama alibaki. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kuhusu ule mfuko, kwa nini hamkuwa na nguo zangu.

"Zilikuwa kwenye kamba, bado mbichi," akasema. "Ningezipitia."

Najitahidi kukumbuka kama siku ile kulikuwa na nguo kambani. Kuna siku naziona zinapepea kabisa, na kuna siku naona kamba tupu.

Nakaa Mwanza sasa. Kila nikienda Nyanungu, mama hunipitisha zizini nione ndama, na wakati wa kuondoka hunisimamisha kwenye jiwe: "Jifute, acha udongo wa watu." Mwezi uliopita tulitoka zizini pamoja, yeye akiegemea fimbo ya Bibi. Nikapanda kwenye jiwe nianze kujifuta kama kawaida. Akanishika kiwiko.

"Acha," akasema. "Nenda nao."

"Mama, na ng'ombe je?"

Alikuwa akitazama kundi, midomo inamcheza, na mkono wake kwenye kiwiko changu haukuwa na nguvu hata kidogo. Bibi siku ile mwaloni alikuwa anajifanya, lakini safari hii sikuona kama mama anajifanya.

Nilipanda basi na samadi kwenye viatu, abiria wa pembeni akafungua dirisha huku akinisema. Viatu vile viko mlangoni kwangu, sijavisafisha. Watoto wananiuliza ninangoja nini, nami sijui niwaambie kwamba ng'ombe wananifuata huku mjini, au kwamba ni mimi ninayetakiwa kurudi zizini.