Maji Yaliyobaki Tangini

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Nilikuwa msichana wa kiwandani hapa Morogoro, kazi yangu kuangalia kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Hewa yake ndiyo iliyoendesha mashine za kukatia ngozi. Lakini hewa ina maji, hasa wingu la Uluguru likishuka mpaka mjini. Ikishindiliwa, maji hujikusanya chini ya tangi. Kikaushio cha hewa hiyo kilikuwa kibovu, kwa hiyo kila asubuhi nilitakiwa kufungua koki ya chini na kusubiri mpaka ipulize hewa kavu.

Kusubiri! Ndiko kulikonishinda. Saa ile ile lori la mboga kutoka Mgeta lilikuwa likipita barabarani, na mara kwa mara mama alinitumia njegere na matunda damu. Nilifungua koki, ikatema maji kidogo, nikafunga na kukimbia. Masika nzima nilifanya hivyo. Haraka haraka haina baraka, nilijua, ila ujana una masikio ya mapambo.

Asubuhi hiyo maji yakafika kwenye mashine ya Mwajuma, rafiki yangu. Valvu ya kuongozea hewa, iliyokwisha kuingia kutu, ikanata. Kisu kilichopaswa kubaki juu kikashuka. Vidole viwili, mwanangu.

Mzee Mkude, fundi wetu, hakupiga kelele. Alifungua koki mbele yangu, maji ya kahawia yakajaa ndoo na bado yakaendelea.

“Mzee, naomba unisamehe,” nikasema.

“Usiniombe mimi. Nenda hospitali ukamwambie mwenyewe.”

Nilikwenda. Nikamweleza Mwajuma yote. Aliniuliza neno moja tu: “Ulijua?”

“Nilijua.”

Akageukia ukutani. Mpaka leo tunasalimiana, tunazikana, lakini hajawahi kuniuliza tena jambo lolote.

Sasa wewe unaanza kazi, nami situlii mpaka nikwambie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna kuta hazijengeki tena. Kazi isiyoonekana na mtu ndiyo uimalize kwanza, na usiondoke kwa kuwa maji yamepungua, ondoka yamekwisha. Ukikosea, sema kabla mashine haijasema.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira, na awalinde wote wanaoweka mikono yao mahali ulipowaambia ni salama.