Unga wa Bartolomeo

Siku Hyasinta alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, hakuwaza kifo wala watoto. Aliyemjia akilini ni Bartolomeo, muuza dawa wa mnadani Karatu, na kipaza sauti chake begani.

Alikuwa bafuni nyuma ya nyumba, jua bado liko juu, akijiosha vumbi la mbaazi walizokuwa wakizipura tangu asubuhi. Mkono wenye sabuni ulipita chini ya kwapa ukateleza, ukarudi. Kitu kigumu kama punje ya mbaazi mbichi, hakiumi, hakisogei. Akakibonyeza. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo, akasimama pale na kanga yake, na hasira ikampanda kichwani kabla hofu haijapata nafasi.

Maana Hyasinta alikuwa na kisa na Bartolomeo. Mdogo wake, Brigita, aliyeolewa Rhotia, miaka michache nyuma alipata uvimbe wa namna ile ile. Brigita alikuwa mtu wa kuogopa hospitali, na siku ya mnada akapita kwenye turubai la Bartolomeo, pale kati ya wauza viatu vya mitumba na wauza kamba za ng'ombe. Bartolomeo akamwambia kwamba ile ni damu iliyoganda, na kwamba akikubali kisu kimguse tu, itasambaa mwili mzima na hatamaliza mwaka. Akampa unga wa mizizi, nusu akoroge kwenye uji, nusu achanganye na mafuta ya kondoo apake. Brigita akanywa, akapaka. Uvimbe ukakua. Ulipopasuka na kuanza kutoa harufu, akarudi kwa Bartolomeo, naye akamwambia afurahi, uchafu unatoka, dawa imefika mahali pake. Akamwongezea unga.

Nyumbani Brigita alijifunika kwa sweta hata wakati wa joto, na ndugu wakaambiwa ana jipu. Hadi anabebwa kupelekwa hospitali, kilichobaki kilikuwa ni kumtuliza maumivu. Alikufa wakati watu wanapalilia maharage. Hyasinta ndiye aliyemwosha, na alichokiona chini ya lile sweta hakumsimulia mtu, hata mumewe.

Baada ya matanga Hyasinta alikwenda mnadani akasimama mbele ya lile turubai. Bartolomeo alikuwa akiita wateja kama kawaida. Hyasinta akamwambia kwamba Brigita amefariki. Yule mtu akashusha kipaza sauti, akakunja uso akijaribu kukumbuka.

"Brigita yupi?" aliuliza.

Halafu akageuka kumhudumia mteja mwingine. Tangu siku ile Hyasinta alikuwa akiishi na hayo maneno mawili. Akipalilia, yako. Akikoroga ugali, yako. Alikwenda kwa mtendaji wa kata kumshtaki, Bartolomeo akaitwa, akaonywa, akahamisha turubai lake upande wa pili wa uwanja, na biashara ikaendelea.

Sasa uvimbe ulikuwa kwake. Jioni alimwambia mumewe, Tluway, mtu wa maneno machache, ambaye aliacha kunoa panga. Alisema kesho wanakwenda hospitali, na kwamba hataki kusikia habari za kusubiri mbaazi ziuzwe. Hyasinta alimjibu kwamba hakuwa na mpango wa kusubiri chochote.

Hospitali ya pale Karatu alipokelewa na muuguzi aitwaye Namelok, binti wa Kimasai kutoka Oloipiri, mrefu, mwenye mikono ya joto. Namelok alimpapasa titi moja, kisha la pili, kisha makwapa, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Akamwuliza amekigundua lini. Hyasinta alipojibu kwamba ni jana, Namelok akamtazama usoni.

"Mama, wengi hunijia baada ya mwaka," alisema. "Wewe nani amekuharakisha?"

"Mtu mmoja hivi," alijibu Hyasinta.

Namelok alimweleza kwamba uvimbe si lazima uwe saratani, kwamba wanawake wengi hukutwa na vivimbe visivyo na madhara, lakini hakuna macho wala vidole vinavyoweza kuapa bila kipimo. Daktari naye akamwona, akampiga picha ya ultrasaundi, hakuipenda picha ile, akaandika rufaa ya kwenda Moshi, ambako wangechukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe.

Walipanda gari alfajiri, yeye na Tluway. Moshi sindano ilikuwa ya mara moja tu, kali lakini fupi. Kilichomchosha ni kusubiri majibu. Aliporudi kuyachukua, alikuta benchi la wanawake limejaa, wengine wamejifunga vitambaa kichwani, wengine wameshika chupa za chai. Akaketi. Alipoinua macho, akamwona Bartolomeo.

Alikuwa amevaa koti safi la suti, hana kofia, hana kipaza sauti. Amesimama mlangoni pa chumba cha daktari, ameshika mkoba wa kike na sweta la kike, anaongea na muuguzi kwa sauti ya chini na ya adabu, anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi. Kisha akaenda dirishani kuulizia dawa, akamwacha mkewe kwenye benchi, nafasi moja tu kutoka kwa Hyasinta.

Hyasinta alijisikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alitaka kuinuka amshike yule mtu ukosi mbele ya korido nzima. Badala yake alisogea akamsalimu yule mwanamke, na wakaanza kuzungumza kama wagonjwa wanavyozungumza, umetoka wapi, una tatizo gani. Aliitwa Angela. Alikuwa na uso mpole, uliochoka. Ameshapangiwa upasuaji wiki ile ile. Hyasinta akamwuliza nani alimshauri kuja.

"Mume wangu," alisema Angela. "Nilipomwonyesha tu, hakunipa hata nafasi ya kufua nguo. Alisema hili si jambo la kuchezea."

"Hakukupa dawa yoyote ya miti?"

Angela alitikisa kichwa. Alisema mumewe aliapa kwamba kitu kama hicho dawa yake ni kisu, tena mapema.

Hyasinta aliinamisha kichwa. Angela alidhani analia, akamshika mkono. Hakuwa analia. Alikuwa akimwona Brigita akipaka unga uliochanganywa na mafuta ya kondoo, huku mtu aliyemuuzia akijua kwamba haumsaidii. Miaka yote hiyo Hyasinta alikuwa akijipa moyo kwamba labda Bartolomeo ni mjinga tu, anayeuza anachokiamini. Sasa hata hicho hakikubaki.

Alipoitwa ndani, daktari alimweleza majibu bila kuzunguka. Ilikuwa saratani, lakini bado changa, inaondolewa, na baada ya hapo atatundikiwa dawa za dripu kwa miezi kadhaa. Akamwuliza kama ana swali.

"Nitaweza kusimama sokoni lini?" aliuliza Hyasinta.

Daktari, akidhani ni mfanyabiashara, akamsihi asiwaze biashara kwanza. Tluway alimtazama mkewe kwa pembeni.

Kuna siku mbili tatu Hyasinta alitaka kuahirisha upasuaji, amalizane na Bartolomeo kwanza, chuma kingali moto. Lakini alijiambia kwamba akifa, yule mtu atapumua. Atauliza, Hyasinta yupi? Hapo akapanga nguo zake akaenda Moshi, akalala kwenye meza ya upasuaji, akaamka bila titi la kushoto.

Wauguzi walisema hawajawahi kupata mgonjwa mtiifu kama yule. Alikunywa kila alichopewa kwa saa yake. Dripu zilipomfanya aone chakula chote kina ladha ya chuma, alikimeza hivyo hivyo, na Tluway alipomsifu kwa kujikaza, alimwambia ukweli, kwamba kila kijiko anakimeza kwa ajili ya Bartolomeo. Aliambiwa afanye mazoezi ya mkono wa upande uliopasuliwa, vidole vikipanda ukutani kidogo kidogo. Alivipandisha ukuta wa jikoni hadi machozi yakamtoka. Nywele zikaanguka, akazifagia mwenyewe. Namelok, ambaye ndiye aliyekuwa akimsafishia kidonda Karatu, aliambiwa kisa chote, na hakukipenda. Alimwambia kwamba ugonjwa wa Angela ni siri ya Angela, na kwamba Hyasinta akiitoa sokoni atakuwa amempiga mtu asiyemkosea. Hyasinta alisikia. Alikubali kwamba ni kweli. Lakini moyoni hakuahidi kitu.

Alichagua siku ya mnada baada ya mavuno, watu wakiwa wengi. Alivaa blauzi yenye vifungo mbele, akajifunga kilemba. Tluway alikwenda naye, akabaki nyuma, upande wa mbuzi.

Mbele ya turubai la Bartolomeo walikuwapo wanawake kama kumi, na karibu zaidi alikuwa mama wa Kimasai, Nalotuesha, aliyeshuka kutoka Ngorongoro na shanga zake na shuka la bluu. Amenunua tayari pakiti moja. Kipaza sauti kilikuwa kikitaja magonjwa: mgongo, kisukari, uzazi, uvimbe wa matiti, bila kisu, bila sindano. Hyasinta akasogea hadi mbele kabisa.

"Mimi ni dada yake Brigita," alisema. "Nimekuja kuuliza dawa ya uvimbe wa titi."

Bartolomeo hakumtambua alivyokonda, na jina la Brigita lilipotea katika kelele za mnada. Alichukua pakiti, akaanza maelezo yake, uji, mafuta, asikubali kisu. Hyasinta akamwacha amalize, kila mtu asikie. Kisha akasema, "Na mkeo ulimpa hii?"

Bartolomeo akarudisha pakiti mezani. Alisema mkewe ni mzima, na kwamba yeye hamjui huyu mama.

"Mkeo nilikaa naye benchi moja Moshi," alisema Hyasinta. "Wewe ulikuwa umeshika mkoba wake. Alikatwa kama mimi, na wewe ndiye uliyemharakisha. Waambie hawa kwa nini mdogo wangu hukumharakisha."

Akafungua vifungo vya blauzi. Hakufanya haraka. Aliwageukia wanawake, akawaonyesha mahali palipokuwa na titi, mshono uliopona, mrefu, msafi. Akawaambia kwamba huyu mtu husema ukiguswa na kisu unakufa, na hiki hapa kisu, na yeye hapa. Hakuna aliyepiga kelele. Wauza viatu waliacha kunadi. Bartolomeo alianza kusema kitu kuhusu wivu na washindani wa biashara, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na sauti yake ikatoka uwanja mzima ikitetemeka.

Nalotuesha hakuwa ameelewa kila neno la Kiswahili, lakini mshono aliuelewa. Aliweka pakiti mezani kwa Bartolomeo, akamshika Hyasinta mkono, akauingiza chini ya shuka lake, pembeni ya kifua. Hyasinta akausikia uvimbe kwa vidole. Akafunga vifungo vyake, wakaondoka pamoja kuelekea hospitali kwa Namelok, ambaye alizungumza naye kwa Kimaa muda mrefu, mlango umefungwa. Baadaye ilijulikana kwamba uvimbe wa Nalotuesha haukuwa na saratani. Ulitolewa pale pale Karatu, akarudi kwake Ngorongoro.

Siku ile Hyasinta alilala kama mtu aliyeshiba. Bartolomeo hakuonekana tena mnadani pale.

Majuma kadhaa baadaye, akiwa anaanika mahindi, aliona mwanamke akipanda njia ya kwao polepole, akipumzika. Alikuwa Angela. Hyasinta alileta kigoda, akaleta chai. Angela hakuigusa.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Kanisani wananitazama kifua. Watoto wangu wameulizwa shuleni. Mimi nilikukosea nini?"

Hyasinta alikuwa ameonywa, na alifanya makusudi. Alipiga magoti palepale kwenye mahindi, mbele ya mwanamke mdogo kuliko yeye, akamwomba radhi kwa kituo, bila kutafuta sababu. Kisha akainuka, akajipangusa.

"Wewe nakuomba radhi," alisema. "Yeye, hapana. Yeye hata akiwa kitandani hawezi kuongea, nitakwenda kumwuliza mdogo wangu yuko wapi."

Angela alitazama kuku wakidonoa pembeni ya turubai la mahindi. Aliuliza Brigita aliugua muda gani. Hyasinta akamwambia. Akauliza alikuwa na watoto. Akamwambia. Akauliza mwishoni hali ilikuwaje, na Hyasinta, ambaye hakuwahi kumsimulia mtu, alimsimulia yote, sweta, harufu, alichokiosha. Angela alisikiliza bila kumkatiza, kiganja kimekaa juu ya kifua chake mwenyewe.

Alipoinuka kuondoka, alimshukuru kwa chai ambayo hakuinywa. Alifika kwenye uzio, akasimama, hakugeuka.

"Siku hizi anauza Mang'ola," alisema. "Siku ya gulio, karibu na wauza vitunguu. Nenda na bwana afya."

Hyasinta alimsindikiza kwa macho hadi alipopinda kwenye mikaratusi. Kisha akamwita Tluway, akamwuliza gari la kwenda Mang'ola hupita saa ngapi.